Kutoka Simu ya Waya hadi Modemu: Historia Fupi ya Maneno ya Msimbo wa Morse, na Tatizo la «Masafa»

1. Utangulizi

Kazi ya kusanifu istilahi mara nyingi hufikiriwa kuwa ni kazi ya mezani tu: neno la kigeni huletwa, likatafutiwa neno la Kiswahili linalofanana nalo, orodha ikapigwa chapa na kupelekwa kwa watumiaji. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha, kwa kutumia mfano mmoja mdogo, kwamba sivyo. Mfano wenyewe unahusu kijaluba cha umeme kinachosikiliza msimbo wa Morse redioni na kuugeuza kuwa herufi zinazosomeka, yaani modemu ya Morse, na jinsi ya kukilinganisha na sauti ya redio ili kifanye kazi.

Niliombwa kufasiri karatasi ya maelezo ya modemu ya namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wa shule moja ya sekondari waliokuwa na kikundi cha redio za ridhaa. Karatasi ilikuwa fupi, kurasa 3 tu, nami niliimaliza kwa siku 2. Matokeo yake nitayaeleza baadaye. Kwanza hatuna budi kurudi nyuma, kwa maana maneno tunayoyatumia leo kwa redio na mitambo ya mawasiliano yana historia ndefu, na historia hiyo ndiyo iliyonikosesha.

2. Simu, waya na upepo

Neno «simu» limetoka katika Kiajemi, ambamo «sim» ni waya, na pia ni fedha. Kwa hiyo wahenga wetu wa pwani walipoipokea telegrafu hawakukipa chombo jina la kazi yake wala la aliyekibuni, bali walikiita kwa kile walichokiona kwa macho: waya. Na waya huo ulifika mapema. Mnamo mwaka 1879 ulilazwa chini ya bahari waya wa simu kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kupitia Msumbiji hadi Durban. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, kutoka Mombasa hadi ziwani, nguzo za simu zilisimikwa sambamba nayo.

Simu ya siku hizo haikuwa ya kusema. Ilikuwa ni kupigapiga swichi ndogo, umeme ukapita na kukatika, na huko upande wa pili karani akasikia au akaona alama. Huenda ndiyo maana tunasema «kupiga simu». Leo kijana anayepiga simu hapigi chochote, hugusa kioo tu. Lakini kitenzi kimebaki, nacho huenda kinashuhudia mkono wa karani wa telegrafu. Baadaye simu ya kusema ilipoenea ikalazimu kutenga maana, tukapata «simu ya mdomo» na «simu ya maandishi». Watumishi wa serikali wa umri mkubwa watakumbuka barua zilizokuwa na «anwani ya simu» juu ya karatasi, neno moja tu, kwa kuwa kila neno la simu ya maandishi lililipiwa.

Kisha ikaja ajabu nyingine. Guglielmo Marconi alipofanikiwa kupeleka msimbo pasipo waya, na akatangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 alisikia herufi S ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, chombo hicho nacho kilihitaji jina. Kiswahili kikasema «simu ya upepo». Tukilifasiri jina hilo kwa asili ya maneno yake, ni «waya wa upepo», yaani waya usiokuwapo. Mwanamantiki angelikataa. Lakini wasemaji walilipokea, kwa sababu kwao «simu» ilikuwa imekwisha kuacha kuwa waya na imekuwa habari iendayo mbio. Hapa Afrika ya Mashariki chombo hicho kilikuwa jambo la vita kabla ya kuwa jambo la burudani. Manowari ya Kiingereza Astraea ilipofika mbele ya Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani; na mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa hadi Bukoba, na kituo cha simu ya upepo cha huko kikavunjwa.

Fundisho la sehemu hii ni kwamba istilahi huweza kuasi asili yake na bado ikawa nzuri, mradi watumiaji wote wamelikubali badiliko hilo kwa pamoja. Msiba hutokea pale ambapo nusu ya watumiaji wamehama na nusu wamebaki.

3. Karatasi na sikio

Samuel Morse na msaidizi wake Alfred Vail walipotuma ujumbe wao mashuhuri kati ya Washington na Baltimore tarehe 24 Mei 1844, umbali wa kilomita 60 hivi, mtambo wao ulichora alama juu ya utepe wa karatasi. Ndipo yakapatikana majina ya vipande viwili vya msimbo: nukta na kistari. Kwa kweli haya ni majina ya macho. Lakini makarani hawakukawia kugundua kwamba mlio wa mtambo ulikwisha kuwapa herufi kabla utepe haujatoka. Wakauacha utepe, wakasoma kwa sikio. Tangu hapo stadi wa Morse hasikii nukta wala kistari; husikia mlio mfupi na mlio mrefu, naye hutamka «di» na «daa».

Msimbo wa kwanza wa Marekani ulikuwa na kasoro: baadhi ya herufi zilikuwa na nafasi ndani yake, hata zikachanganyika na herufi mbili zilizofuatana. Mwaka 1848 Friedrich Clemens Gerke wa Ujerumani aliusahihisha kwa ajili ya simu ya Hamburg, na kazi yake ndiyo iliyokuwa msingi wa msimbo wa kimataifa uliokubaliwa katika mkutano wa Paris wa mwaka 1865. Vipimo vyake ni rahisi. Tukichukua nukta kuwa kipimo 1, kistari ni vipimo 3. Nafasi ndani ya herufi ni 1, kati ya herufi na herufi ni 3, kati ya neno na neno ni 7. Neno PARIS pamoja na nafasi iliyo baada yake ni vipimo 50 kamili, nalo ndilo neno la kupimia mwendo. Anayetuma maneno 12 kwa dakika hutumia sehemu 1 ya 10 ya sekunde kwa kila nukta.

Hapa kuna jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili atapenda kulitazama. Inasimuliwa kwamba msimbo ulipangwa kwa kuhesabu herufi katika visanduku vya mpiga chapa: herufi iliyokuwa nyingi ikapewa alama fupi. Visanduku hivyo vilikuwa vya Kiingereza. Kwa hiyo E ikapewa nukta moja, kipimo 1 tu. Sisi herufi yetu inayotumika kuliko zote ni A, nayo ni nukta na kistari, vipimo 5. W na K, ambazo tunazitumia mno katika viambishi vyetu, ni vipimo 9 kila moja. Y ya «ya» na «yake» ni vipimo 13. Neno «habari» pamoja na nafasi yake ni vipimo 58, ilhali PARIS, fupi kwa herufi moja tu, ni 50. Tofauti si kubwa, wala haikumzuia mtu kutuma Kiswahili kwa Morse. Nimeitaja ili tukumbuke kwamba mtambo hauji kwetu mtupu. Huja na lugha ya walioutengeneza imo ndani yake.

4. Modemu na wanaredio wa ridhaa

Yafaa ieleweke kwamba msimbo wa Morse haujafa, ingawa kazi zake za lazima zimekoma. Meli ziliacha kuutegemea kwa wito wa hatari ulipokamilika mfumo mpya wa kimataifa tarehe 1 Februari 1999. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 ukaacha kila nchi iamue yenyewe kama mwanaredio wa ridhaa atapimwa Morse au la. Hata hivyo wanaredio wa ridhaa, yaani wale wanaorusha mawimbi kwa kujifunza na kwa mapenzi bila ya malipo, wanaendelea nao. Wanaoanza na 5H ni wa Tanzania, wanaoanza na 5Z ni wa Kenya, na wanaoanza na 5X ni wa Uganda. Msimbo hupita katika makelele ambamo sauti ya mtu haisikiki, na mtambo wa kuurusha ni mdogo na wa bei nafuu.

Tangu kompyuta za nyumbani zilipoenea katika miaka ya 1980, wengi wao walitengeneza kijaluba cha kuunganisha redio na kompyuta. «Modemu» ni jina lililoundwa kwa kuunganisha vichwa vya maneno mawili ya Kiingereza: kulivika wimbi habari, na kulivua. Nimewahi kusikia pendekezo la kuiita «kivikavua». Ni tungo la kupendeza, lakini watu wamekwisha kusema modemu, na neno linalotumika haliondolewi kwa kupendeza kwa jingine.

Kazi ya modemu ya Morse ni hii. Kituo cha mbali hakitumi mlio wowote. Hutuma wimbi tupu ambalo huwaka na kuzimika. Mlio hutengenezwa ndani ya redio ya msikilizaji kwa kulichanganya wimbi hilo na wimbi jingine la hapo hapo. Tofauti ya marudio ya mawimbi hayo mawili ndiyo tunayoisikia. Kwa hiyo msikilizaji akizungusha kitufe cha stesheni kidogo tu, mlio hupanda au hushuka. Sikio la mtu halijali. Litasoma ujumbe wa mlio mzito kama litakavyosoma wa mlio mwembamba. Modemu haina uvumilivu huo. Yenyewe hutegwa kusikia mlio mmoja tu, tuseme wa marudio 800 kwa sekunde, na kuyapuuza mengine. Huo ndio uzuri wake kwenye makelele, na hiyo ndiyo sababu ya kulinganishwa.

Modemu nyingi nyepesi zilijengwa juu ya kidude kimoja cha umeme kijulikanacho kwa namba 567. Ndani yake mna saketi inayotetemeka yenyewe, ambayo inapokutana na mlio unaokaribiana na mtetemo wake huushika na kwenda nao sawasawa. Wazo hilo lilielezwa na Mfaransa Henri de Bellescize mwaka 1932, miongo mingi kabla ya kidude hicho. Mtetemo wake hutegemea vitu viwili: kapasita na kikinza. Ukinzani ukizidi, mtetemo hupungua kasi. Ukinzani ukipungua, mtetemo huongezeka kasi. Kwa kapasita ya mikrofaradi 0.1, ukinzani wa omu 10,000 hutoa marudio 909 hivi kwa sekunde, na omu 15,000 hutoa 606 hivi. Marudio 800 hupatikana karibu na omu 11,360. Fundi kwa hiyo huweka kikinza cha omu 10,000 kisichobadilika, kisha kingine cha omu 5,000 chenye skrubu ya kuzungushwa kwa bisibisi.

Kulinganisha kwenyewe hufanywa hivi. Modemu hupewa mlio usiokatika wa 800. Skrubu huzungushwa polepole kutoka mwisho mmoja mpaka taa ndogo iwake. Mahali hapo hutiwa alama. Kisha skrubu hupelekwa hadi mwisho wa pili na kurudishwa polepole, mpaka taa iwake tena. Hapo napo hutiwa alama. Skrubu huachwa katikati ya alama hizo mbili. Mtu asiendelee tu kutoka upande mmoja mpaka taa izime, kwa maana saketi iliyokwisha kushika mlio yaweza kuung'ang'ania kupita pale ambapo ingeushika upya. Baada ya hapo hupimwa nguvu ya sauti itokayo redioni. Ikiwa ndogo mno, taa huruka nukta. Ikiwa kubwa mno, kila mkwaruzo wa hewani huhesabiwa kuwa nukta, na kompyuta huandika msururu wa E zisizo na maana. Mwisho mtumiaji hujifunza kuzungusha kitufe cha redio mpaka taa icheze sawasawa na mlio. Mpiga ngoma aota ngozi kwenye moto mpaka isikike anavyotaka. Hapa ngoma imekwisha kuwambwa, na ni mpigaji anayepaswa kuifuata.

5. Kosa langu

Katika rasimu yangu sentensi ya kulinganisha ilisomeka hivi: «Taa isipowaka, ongeza masafa kwa kuzungusha skrubu taratibu.» Nililipata neno hilo bila ya kufikiri sana. Kila siku tunasikia stesheni zikitangaza «masafa» yao kwa namba za megahezi, na humo masafa ni idadi ya marudio ya wimbi kwa sekunde.

Mwalimu wa kikundi kile alikuwa mtu makini, mwenye umri wa kustaafu karibu. Yeye alilipata neno masafa kwenye redio za zamani, katika usemi «masafa mafupi», «masafa ya kati». Humo masafa si marudio. Ni urefu wa wimbi. Na kwa hakika maana yake ndiyo iliyo karibu na asili, kwani katika Kiarabu neno hilo ni umbali, nasi bado twasema «safari ya masafa marefu». Urefu wa wimbi na marudio huenda kinyume: wimbi la megahezi 7 lina urefu wa mita 43 hivi, la megahezi 14 lina urefu wa mita 21 hivi. Masafa mafupi ya mwalimu, kwa hiyo, ni masafa makubwa ya mtangazaji wa leo.

Skrubu yao ilikuwa mahali penye marudio 700 hivi. Ilipasa kupunguza ukinzani. Mwalimu aliposoma «ongeza masafa» alielewa «lirefushe wimbi», naye alijua vizuri kwamba ukinzani ukizidi kila mtetemo huchukua muda mrefu zaidi. Akazungusha skrubu upande wa kuongeza ukinzani hadi mwisho. Taa haikuwaka. Wakaamua kwamba kidude kimeharibika, wakachanga fedha, wakasubiri kingine kutoka mjini, wakakitia, wakafuata karatasi yangu tena kwa uaminifu ule ule. Taa haikuwaka. Modemu ikawekwa kabatini muhula mzima.

Niliposikia habari hiyo niliwatembelea. Kwa bisibisi jambo lilimalizika kwa dakika chache. Lililonichoma ni maneno ya mwanafunzi mmoja, aliyoyasema bila ya ubaya wowote: «Tulijua mambo haya hayawezi kwa Kiswahili, tukarudi kwenye karatasi ya Kiingereza.» Kwenye karatasi ya Kiingereza palikuwa na maneno mawili kwa dhana mbili, nayo hayakumchanganya mtu. Kiswahili nacho kina maneno ya kutosha kwa dhana hizo. Lililokosekana ni mtu wa kuyagawa, na mtu huyo alikuwa mimi.

6. Mapendekezo

Katiba ya kazi yetu ni ya zamani. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kanuni ya dhana moja neno moja imerudiwa mara nyingi. Lakini orodha zetu hupangwa kwa alfabeti, na katika orodha ya alfabeti dhana mbili zinazopingana hukaa mbali mbali hata mtu asione kwamba zimepewa neno lile lile. Ninapendekeza, kwa fani ya redio na nyingine zinazofanana nayo, istilahi zipangwe kwa mafungu ya dhana, na kila fungu lijaribiwe na mtu mwenye bisibisi mkononi kabla ya kupigwa chapa. Kwa fungu hili napendekeza yafuatayo:

Marudio: idadi ya mitetemo ya wimbi au mlio kwa sekunde; kipimo chake ni hezi. Hupanda na hushuka.

Urefu wa wimbi: umbali kati ya kilele na kilele, kipimo chake ni mita. Huongezeka na hupungua.

Masafa: libaki katika majina yaliyozoeleka, kama «masafa mafupi» na masafa ya stesheni. Lisitumike katika amri ya kurekebisha chombo.

Kulinganisha: kukifanya chombo kilingane na mlio au wimbi lililowekwa. Litengwe na kurekebisha, ambalo ni kuondoa hitilafu.

Kushika: saketi kwenda sawasawa na mlio uliopokelewa. Raia husema redio «inashika». Hatuna haja ya neno jingine.

Nukta na kistari: alama za msimbo zikiandikwa. Zikisomwa kwa sikio, di na daa.

Simu ya upepo: litumike katika maandishi ya historia tu, kwa telegrafu isiyo na waya.

Huenda wasomaji wakaona kwamba «marudio» lina udhaifu wake, kwa kuwa ni pia kufanya jambo tena. Mimi naona udhaifu huo si wa hatari: mtu akilichukua kwa maana yake ya kawaida atafikia dhana ile ile, kwani wimbi kweli linarudia. Hakuna upande wa kulielewa ambao utamfanya azungushe skrubu kinyume. Nafikiri hicho ndicho kipimo tunachopaswa kukitumia katika maelezo yote ya vyombo, dawa, mbolea na sumu za wadudu: si kama neno linapendeza, bali kama msomaji mwenye akili timamu aweza kulielewa vingine akatenda kinyume.

Wafasiri, walimu na maofisa wanaokutana na neno «masafa» katika maandishi ya kiufundi wanaombwa watuletee mifano yao, pamoja na sentensi nzima ambamo limetumika. Karatasi ya shule ile nimeiandika upya. Sentensi yake sasa inasomeka: «Taa isipowaka, pandisha marudio kwa kupunguza ukinzani, zungusha skrubu kuelekea alama ya omu 10,000.»